KUMALIZA KUZAA BILA KUUFUNGA MLANGO
Somo katika mas'ala ya kitanzi cha shaba

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Mtu akiulizwa barazani, "Watoto wangapi sasa?" akajibu, "Saba, na tumeshukuru," aghlabu maneno huishia hapo. Neno hilo la "tumeshukuru" lina maana mbili, na watu wa baraza huzijua zote mbili. Ya kwanza ni kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa alivyovitoa. Ya pili ni kuwa mume na mke wameona wamefika. Lakini baina ya kusema kuwa wamefika na kuijua njia ya kusimama, pana jambo ambalo wanaume wengi hawalisemi kwa imamu, wala kwa tabibu, wala kwa wake zao. Mume hushika njia aijuayo mwenyewe, na mkewe hubaki kila mwezi akihesabu siku kwa khofu.

Somo hili ni la jambo hilo. Nalo lahusu njia zisizoingia katika homoni za mwanamke, yaani zile nguvu ambazo mwili huzitengeneza wenyewe na kuzipeleka ndani ya damu, nazo ndizo ziendeshazo hedhi na mimba. Vidonge, sindano na vijiti vya mkononi vyote hufanya kazi kwa homoni. Havikuharamishwa kwa sababu hiyo, na wanawake wengi vimewafaa. Lakini wako wasiovipatana. Mwenye shinikizo kubwa la damu hukatazwa na matabibu vidonge vya homoni mbili, na mwenye kupata saratani ya ziwa hukatazwa homoni zote hizo. Wako wengine ambao hawakukatazwa na mtu, ila wamezijaribu na hazikuwapendeza. Hao wote wana haki ya kujua kilichobaki.

Na kama ilivyo desturi ya vitabu vya fiqhi, mfano upigwe kwa Zayd na Hind. Zayd ana miaka 46, na Hind ana miaka 38. Wana watoto saba, na katika uzazi wa mwisho Hind alimwagikwa na damu nyingi baada ya mtoto kutoka, hata akatiwa damu ya watu wengine. Mkunga akamwambia Zayd kwa siri mlangoni kuwa mwanamke aliyekwisha kumwagikwa hivyo hukhofiwa kumwagikwa tena. Hind ana shinikizo la damu. Je, Zayd afanye nini?

ASILI YA RUHUSA

Ruhusa katika mlango huu imejengwa juu ya azl, nayo ni mume kumwaga nje. Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim kutoka kwa Jabir bin Abdillah, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kuwa Masahaba walikuwa wakifanya azl katika zama ambazo Kurani ilikuwa ikiteremka. Na katika mapokezi ya Muslim imezidi kuwa khabari hiyo ilimfikia Mtume, s.a.w., naye asiwakataze. Imepokewa vile vile Hadithi ya Judama bint Wahb ambayo ndani yake azl imeitwa mauaji yaliyofichika, na mbele yake ikapokewa na Abu Dawud nyingine, kuwa Mayahudi waliiita mauaji madogo naye Mtume akawakadhibisha. Wanavyuoni walio wengi wamezikusanya Hadithi hizi kwa kusema kuwa azl si haramu, bali ni makuruhu ya kuepukwa kwa ubora. Ibn Hazm peke yake, na waliomfuata, ndio walioiharamisha.

Katika madhhebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani hii, Imamu Nawawi ameihesabu azl kuwa ni makuruhu. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), aliitengenezea mlango mrefu katika kitabu chake cha Ihya, katika adabu za ndoa. Yeye aliona kuwa inajuzu, na kuwa aliyeiacha amefanya lililo bora. Kisha akazipima nia za watu moja moja. Miongoni mwa nia alizozikubali ni mume kutaka mkewe abaki na uzuri na afya yake, na kuukhofia uhai wake kwa hatari ya kuzaa. Na nyingine ni kukhofia mashaka yaletwayo na wingi wa watoto, yasije yakamsukuma mtu katika uchumi mbaya. Na miongoni mwa nia alizozikataa ni kukimbia kuzaa watoto wa kike, kwani hiyo ndiyo ile ada ya Waarabu wa Jahiliya iliyolaaniwa.

Yafaa msomaji asimame kidogo hapo. Mtu huyu aliandika zaidi ya miaka 900 iliyopita, hapana kitanzi wala kidonge, na akaiona hatari ya mwanamke katika uzazi kuwa ni udhuru wa kutosha. Basi wale wenye kudhani kuwa mazungumzo haya yote yameletwa na Wazungu wamechelewa kusoma.

Yabaki wasemao: Je, Mtume hakuhimiza kuoa wenye kuzaa sana ili awafakhiri umma mwingine kwa wingi? Naam, alihimiza, na Hadithi hiyo ni ya kupokewa. Lakini himizo si faradhi, na mwenye watoto saba hakuliacha himizo hilo. Na ile Aya ya kukataza kuua watoto kwa khofu ya umasikini ni Aya ya kuua, nayo yahusu aliyekwisha kuwapo. Ghazali mwenyewe ameitenga azl na mauaji kwa njia hii: mauaji huwa juu ya kitu kilichopo, na azl ni kukizuia kisije kikawapo.

Katika zama za karibu, Mufti wa Misri Sheikh Abdul Majid Salim alitoa fatwa mwaka 1937 ya kujuzu kwa mume na mke kutumia dawa ya kuzuia mimba wakiwa na udhuru. Na mwezi wa Desemba 1988, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lenye makao yake Jeddah lilikutana Kuwait, likapitisha mambo matatu: kwamba haijuzu kutungwa kanuni ya jumla ya kuwazuilia watu kuzaa, kwamba ni haramu kuuondoa kabisa uwezo wa kuzaa wa mwanamume au mwanamke ila kwa dharura kwa vipimo vya sharia, na kwamba yajuzu kuzuia kwa muda, ikiwa wote wawili wameshauriana na kuridhiana, na pasiwe na dhara, na njia yenyewe iwe halali, wala isiwe ni kuidhulumu mimba iliyokwisha kuwapo.

NJIA TATU ZA ZAYD

Njia ya kwanza ambayo Zayd huiendea bila ya kumuuliza mtu ni hiyo hiyo azl. Halali yake imekwisha kuelezwa, lakini uhalali wa kitu si nguvu ya kitu. Wataalamu wamehesabu kuwa katika wanawake 100 ambao waume zao hutegemea azl, kama 20 hushika mimba ndani ya mwaka mmoja. Hesabu hiyo ni ya watu kama walivyo, wenye kughafilika na kuchelewa, na si ya mtu asiyekosea kabisa. Na Hind ana miaka 38. Hedhi ya wanawake hukoma karibu ya miaka 50. Kwa hivyo Zayd hatafuti kinga ya mwaka mmoja. Atafuta kinga ya miaka kumi na zaidi, kwa mke ambaye mkunga amekwisha kumkhofia. Mpira wa kiume hupunguza hatari, lakini nao kwa matumizi ya watu wengi mimba hufika kama 13 katika 100 kwa mwaka. Kuhesabu siku za mwezi pia hukosea mara nyingi, khasa kwa mwanamke mwenye umri huo, ambaye hedhi yake huanza kupotea njia.

Njia ya pili ni kukata. Kwa mwanamume hukatwa ile mirija miwili midogo ipitishayo mbegu kutoka mapumbuni. Kwa mwanamke hufungwa mirija ya mayai. Zote mbili zina nguvu kubwa, na mimba hazifiki hata moja katika 100 kwa mwaka. Ile ya mwanamume ni nyepesi zaidi. Tangu mwaka 1974, tabibu Li Shunqiang wa China alipobuni njia ya kutoboa bila ya kisu, imekuwa ni kazi ya dakika chache, na mtu hurudi kwake siku hiyo hiyo. Ila yampasa angoje miezi mitatu kabla ya kuitegemea, na maji yake yapimwe.

Wala kukata huku si kukhasi, kama wasemavyo baadhi ya watu kwa kutisha. Aliyekhasiwa huondolewa mapumbu, na shahawa na nguvu zake hupotea. Aliyekatwa mirija hapungukiwi na lolote katika hayo, na maji humtoka kama kawaida. Lakini mambo haya mawili yamekutana katika jambo moja, nalo ni kuukata uzazi usirudi. Matabibu huweza kujaribu kuiunga tena mirija, lakini haiaminiki, na hapana tabibu mwenye insafu atakayeahidi. Vitabu vya Kishafii vya wanavyuoni wa nyuma vimetofautisha kwa uwazi baina ya kinachoichelewesha mimba na kinachoikata kutoka mizizini. Cha kwanza si haramu, na cha pili ni haramu. Baraza la mwaka 1988 likafuata mstari huo huo, likaiacha dharura peke yake. Na dharura ni kama mwanamke ambaye matabibu waaminifu wamesema kuwa mimba nyingine itamuua na hapana njia nyepesi ya kumkinga.

Na pana jambo la dunia, mbali ya hukumu. Mtu husema amemaliza kuzaa akiwa na mke huyu, watoto hawa, na siku hizi. Hajui ya mbele. Zayd aweza kufa, na Hind akaolewa na mtu asiye na mtoto. Watoto waweza kufa. Na mji gani wa pwani usioijua jahazi iliyozama na vijana wa nyumba moja? Tena Zayd aweza kuwa na mke wa pili ambaye hajazaa. Aliyemaliza kuzaa hapo ni Hind, si Zayd. Na lau Zayd akikatwa mirija, amemfungia mlango mke ambaye hakuulizwa.

Kwa hivyo Zayd atafuta kitu cha aina ya pekee: kiwe na nguvu kama kukata, kidumu miaka, kisiingie katika homoni, na pamoja na hayo kiweze kuondolewa siku yoyote. Hiyo ndiyo njia ya tatu.

KITANZI CHA SHABA

Kitanzi, ambacho wengine hukiita lupu, ni kijiti cha plastiki laini chenye umbo la herufi T, kirefu kiasi cha sentimita 3, kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Mwaka 1969 tabibu Jaime Zipper wa Chile alidhihirisha kwa kujaribu juu ya sungura kuwa shaba ikiwekwa katika mji wa mimba huzuia mimba. Yeye na Howard Tatum wa Marekani wakaunganisha shaba hiyo na kijiti cha T. Kile kitumiwacho zaidi leo huitwa T ya shaba 380A, na hesabu hiyo ya 380 ni eneo la shaba yake kwa milimita za mraba. Kikiwekwa hukinga kwa miaka 10, na uchunguzi umeonyesha kuwa nguvu zake hufika 12. Katika wanawake 100 wenye kukitumia, hafiki mmoja ashikaye mimba katika mwaka wa kwanza.

Vipo vitanzi vya namna nyingine ambavyo ndani yake mna homoni. Kwa macho vyafanana. Basi mwenye kuzikimbia homoni na aseme wazi kuwa ataka cha shaba, na kabla ya kuwekwa aulize tena ni kipi kilichofunguliwa.

Kazi yake ni hii. Shaba hutoa chembe ndogo sana katika maji ya mji wa mimba na mirija, na chembe hizo huzidhuru mbegu za mwanamume, zikawa hazina nguvu ya kwenda wala ya kuliingia yai. Kazi yake kuu, basi, ni kabla ya mbegu na yai kukutana, kama azl ilivyo kabla ya kukutana. Hakitoi mimba iliyokwisha kukaa, na mhudumu hukataa kukiweka mpaka ahakikishe kuwa mimba hapana. Kwa ajili hiyo wanavyuoni waliokiruhusu wamekipima kwa azl: kimekusudiwa kuzuia, hakikukusudiwa kuua, nacho chaweza kuondolewa. Siku kitolewapo, uwezo wa mwanamke wa kushika mimba hurudi kama ulivyokuwa kwa umri wake.

Kuna maneno yasemwayo vibarazani ambayo hayana asili: kuwa kitanzi hupanda mpaka moyoni, au kuwa mtoto huzaliwa amekishika mkononi kwa sababu kilimpenya kichwani. Mji wa mimba ni mfuko wenye kuta nene, na hauna njia ya kwenda moyoni. Lililo kweli ni hili, nalo lafaa lisifichwe: wakati wa kukiweka, katika wanawake 1,000 huenda mmoja au wawili kikautoboa ukuta wa mji wa mimba, na hapo huhitaji tabibu kukitoa. Na katika wanawake 20 mmoja hivi, kitanzi hutoka chenyewe, aghlabu katika miezi ya mwanzo, na pengine asijue. Kwa hiyo kina nyuzi mbili fupi zitokezazo katika mlango wa kizazi, na mwanamke hufundishwa kuzigusa kwa kidole kila baada ya hedhi. Asipoziona, mume asimkaribie ila kwa mpira mpaka aangaliwe. Mume akihisi nyuzi zamchoma, hilo ni jambo dogo. Hupunguzwa kwa mkasi pale pale zahanati. Na asione haya kulisema, kwani wako waliowaambia wake zao "katoe kitu hicho" kwa sababu ya uzi wa nusu inchi.

Hakimfai kila mtu. Mwenye damu itokayo bila ya kujulikana sababu haimfai mpaka sababu ijulikane. Mwenye maradhi katika kizazi au saratani ya mlango wa kizazi hawekewi, wala mwenye mji wa mimba ulioharibika umbo. Na mwenye upungufu mkubwa wa damu, au ambaye hedhi yake tangu zamani ni nzito na yenye kumlaza, apimwe kwanza. Kwani shaba huizidisha hedhi. Hind, kwa mfano, alipoteza damu nyingi katika uzazi. Yapasa damu yake ipimwe, atibiwe kwa vidonge vya madini ya chuma ikihitajika, kisha ndipo lizungumzwe hilo la kitanzi.

Tena kitanzi hakikingi maradhi ya zinaa hata moja. Mume mwenye kwenda nje akarudi na maradhi humtia mkewe maradhi pamoja na kitanzi chake, na maradhi hayo yakipanda huharibu kizazi. Hapo si kosa la shaba.

KWENDA KUWEKWA

Kazi yenyewe ni ya dakika chache, nayo hufanywa na mkunga au muuguzi aliyefundishwa, si lazima tabibu mkubwa. Uchungu wake wafanana na ule wa hedhi kali. Wengine huuona mwepesi, na wengine huona kizunguzungu wakahitaji kulala kidogo. Huweza kuwekwa siku yoyote ikihakikishwa kuwa mimba hapana. Na baada ya kuzaa huwekwa ama ndani ya saa 48, ama baada ya wiki 4. Mwenye kunyonyesha hakimdhuru yeye wala mtoto.

Kwa kuwa jambo hili halifanyiki ila kwa kufunua, atafutwe mhudumu mwanamke. Na katika zahanati za pwani hii wahudumu wa kazi hii aghlabu ni wanawake. Asipopatikana kabisa na haja ipo, sharia imeruhusu tabibu mwanamume kuangalia kwa kiasi cha haja peke yake, mume au maharimu akiwapo. Mume amsindikize. Mwanamke aliyekwenda peke yake kama mwizi, akarudi peke yake na maumivu, hawezi hata kusema kwa nini amelala mchana.

DAMU, SALA NA SAUMU

Hapa ndipo penye maulizo mengi, na ndipo wanawake wengi wanapokitoa kitanzi kwa kukosa mtu wa kuwaeleza. Katika miezi 3 mpaka 6 ya mwanzo, hedhi huzidi kwa wingi na kwa siku, na pengine matone hutoka baina ya hedhi na hedhi. Kisha aghlabu hutulia, ingawa yaweza kubaki nzito kidogo kuliko zamani.

Hukumu yake kwa madhhebu ya Shafii ni hii. Hedhi chache kabisa ni usiku na mchana, na nyingi kabisa ni siku 15 pamoja na usiku zake. Tohara baina ya hedhi mbili haipungui siku 15. Basi Hind ambaye ada yake ilikuwa siku 6, akaona siku 9 baada ya kitanzi, zote 9 ni hedhi. Haswali, hafungi, na sala hizo hazilipi. Damu ikikatika siku ya 7, ataoga na kuswali; ikirudi siku ya 11, imo ndani ya siku 15, nayo ni hedhi vile vile, na atajizuia tena. Saumu alizofunga katika siku hizo kavu za kati atazilipa kwa kauli yenye kutegemewa, wala hana dhambi, kwani alifanya kwa dhahiri aliyoiona. Ama matone yatokayo siku ya 18, kabla ya kukamilika siku 15 za tohara, ni istihadha: huyo huswali na kufunga. Atajisafisha, atajifunga kitambaa, na atatia udhu kwa kila sala ya faradhi baada ya kuingia wakati wake. Na damu ikiendelea moja kwa moja ikazipita siku 15, mas'ala yake ni marefu na hurejea kwenye ada yake na rangi ya damu. Huyo na amuulize mjuzi kwa khabari yake mwenyewe, na tabibu pia amwangalie, kwani damu ya namna hiyo huenda haina uhusiano na kitanzi.

Na hili lamhusu mume moja kwa moja. Siku za hedhi zikizidi, siku zake za kukaa mbali zimezidi. Aliyeridhia kitanzi kiwekwe ameridhia na hilo, na si insafu amlaumu mkewe mwezi wa pili. Siku za istihadha hazimkatazi kitu.

Kitanzi hakizuii josho, kwa sababu mahali kilipo si katika mwili wa nje upasao kufikiwa na maji. Saumu haiharibiki kwa kuwa nacho ndani. Lakini kuwekwa mchana wa Ramadhani huifunguza saumu, kwani kitu kimeingizwa katika tundu lililo wazi. Na hata kidole cha kutafutia nyuzi kina hukumu hiyo, basi zitafutwe usiku. Kuwekwa katika siku za hedhi kumewafaa wengi: mlango wa kizazi umelegea kidogo, mimba yajulikana kuwa hapana, na saumu hapana.

Mwanamke aliyeachwa naye ana kitanzi, eda yake ni ile ile ya wenye hedhi, na istihadha haihesabiwi. Na aliyefiwa hukaa miezi 4 na siku 10 kama wenzake, ingawa wote wajua kuwa hana mimba.

RIDHAA

Wanavyuoni wamekhitalifiana kama mume ahitaji idhini ya mkewe katika azl. Ghazali hakuishurutisha. Wengine wameishurutisha kwa Hadithi aliyoipokea Ibn Majah kutoka kwa Umar, nayo sanadi yake ina udhaifu. Lakini maana yake ina nguvu, kwa kuwa mtoto na starehe ni haki ya wote wawili. Na mwenye kuisoma Aya ya kunyonyesha katika Sura ya Al-Baqara ataona kuwa hata kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili Mwenyezi Mungu amekutaja pamoja na kuridhiana na kushauriana. Ikiwa ziwa lataka shauri, basi tumbo lenyewe lataka zaidi.

Kwa hiyo mke kuwekwa kitanzi kwa kujificha si njema. Lakini mume ajiulize pia kwa nini alijificha. Mara nyingi alitaja mara moja, akapigiwa kelele, akanyamaza, akaenda. Na ikiwa matabibu waaminifu wamesema kuwa mimba nyingine ni khatari kwa uhai wake, kisha mume akakataa kila njia naye huku ataka haki yake ya kitandani, huyo hana hoja katika sharia; dhara huondolewa, na mke hakuolewa ili afe.

Kuna na kinyume chake. Wako wanaume ambao humwambia mke wa zamani kuwa amemaliza kuzaa, naye hajamaliza, ili kazi yake ipungue na mpya aje. Hapo kitanzi kimekuwa cha mume peke yake, na sharti ya kuridhiana haikupatikana.

SIKU YA KUKITOA

Hind akiwekewa akiwa na miaka 38, miaka 10 yake yamfikisha 48. Hapo huweza kubadilishiwa siku hiyo hiyo. Aliyewekewa T ya shaba baada ya kutimiza miaka 40, matabibu wa Uingereza humruhusu akae nacho mpaka hedhi ikome kabisa. Kisha hukitoa baada ya mwaka mmoja tangu hedhi ya mwisho ikiwa amepita miaka 50, au baada ya miaka miwili ikiwa hajafika. Wala kisiachwe ndani milele kwa kusahauliwa.

Kabla ya siku hiyo, yako mambo ambayo hayangojwi: maumivu makali ya tumbo la chini, homa pamoja na uchafu wenye harufu, nyuzi kupotea au kurefuka, na hedhi kuchelewa. Mimba ikitokea juu ya kitanzi, ni nadra, lakini yaweza kuwa imekaa katika mrija nje ya mji wa mimba, na hiyo huua kwa kupasuka. Aende hospitali siku ile ile.

Zahanati humpa mwanamke kadi yenye tarehe ya kuwekwa na tarehe ya kutolewa, na kadi hupotea. Nyumba nyingi za pwani zina kitabu ambacho baba ameandika kwa mkono wake siku na saa alizozaliwa kila mtoto. Zayd na aiandike tarehe ya kitanzi pale pale, chini ya jina la mtoto wa saba, kwa hati ya kusomeka, na Hind aonyeshwe ukurasa.